Neno la Siri Nililolitoa kwa Mkono Wangu

Bofu, Likoni
Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Rehema,

Barua zangu huanza na salamu za nusu ukurasa, nawe hunicheka kwa hilo. Leo naziruka. Nikianza na salamu nitapata pa kujificha, na nimekwisha kujificha vya kutosha.

Basi lako la kwenda masomoni ni kesho asubuhi. Mambo ya sweta, ya baridi ya Eldoret na ya kufunga sanduku kwa kamba sitayaandika. Nyanya yako amekwambia yote mara tatu na atakwambia ya nne ukirudi kutoka kuaga watu. Mimi nimekaa na daftari la shule kwa sababu kuna jambo ambalo uso kwa uso limenishinda. Jana ulipokuwa ukipiga pasi nilikuja mpaka mlangoni nikitaka kulisema, nikaishia kukuuliza kama pasi imepata moto. Ukanijibu, "Imepata, mama," nami nikarudi jikoni.

Umezaliwa ukanikuta karani wa shule. Mitihani yote ya muhula hupita mikononi mwangu. Naipiga taipu kwenye stensili, naizungusha kwenye mashine ya kudurufu, naifungia kwenye bahasha, na stensili zilizoharibika nazichoma nyuma ya ofisi na kusimama hapo mpaka ziwe majivu. Walimu wamenibembeleza. Mama mmoja aliniletea doti ya leso, mpya, imekunjwa vizuri, ili mwanawe aone karatasi ya hesabu kabla ya wenzake. Nilimrudishia leso yake na chai nikamnywesha. Pale shuleni jina la Bi Mwanasiti maana yake ni mdomo uliofungwa. Nilijivunia hilo, Rehema, na naona kiburi hicho ndicho kilichonipofusha. Nilidhani mtu aliyetunza siri za watu miaka yote hiyo hawezi kulaghaiwa akaitoa ya kwake.

Unakumbuka siku uliponifungulia barua pepe? Ulikuwa ndiyo kwanza umemaliza kozi ya kompyuta mjini, ukanipeleka kwenye lile duka lenye mashine sita, hilo ambalo nyinyi vijana mwaliita saiba. Ulitaka niandikiane na mjomba wako Hamisi kwa urahisi. Hamisi ndiye ndugu yangu wa pekee, na tangu ukiwa darasa la pili yuko Muscat akitengeneza magari kwenye gereji. Barua zetu za posta zilikawia wiki mbili, wakati mwingine tatu. Wewe ukaniambia nitamwandikia leo na jibu nilikute kesho, kwani karani wa gereji huwaruhusu mafundi kutumia kompyuta yake. Sikukuamini mpaka nilipoona kwa macho yangu.

Mashine ikaomba neno la siri. Nikasema, "Andika Rehema."

Ukacheka. "Mama, hilo hata muuza mihogo analijua."

"Ndilo nisiloweza kulisahau hata nikiwa na homa."

"Ndiyo maana halifai. Mtu akitaka kuingia kwenye barua zako, la kwanza kujaribu ni jina langu, la pili jina la nyanya."

"Na ni nani huyo mwenye haja na barua za karani wa shule?"

Ukasema, "Sijui, mama. Kwa kuwa simjui ndiyo naogopa."

Ulikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa na arubaini na nne, na nilishika langu. Juu ya hayo niliandika neno lenyewe kwenye kalenda ya ofisini, pembeni, kana kwamba ni jina la mtoto ninayemkumbuka tu.

Sasa nikueleze siku yenyewe, maana uliambiwa kwa kifupi na hukunibana kwa maswali.

Wiki ile ulikuwa Kisauni kwa shangazi yako, ukimsaidia na arusi. Nilikwenda saiba peke yangu, na nakiri nilifurahi kwenda peke yangu, nionekane najua. Nikakuta barua iliyoandikwa kwa Kiingereza cha ofisi, chenye adabu, kutoka kwa watu waliojiita wasimamizi wa barua pepe. Walisema kuna hitilafu, na kwamba akaunti yoyote isiyothibitishwa itafungwa baada ya siku mbili na barua zake zote zitapotea. Waliniomba jina langu kamili, siku ya kuzaliwa na neno la siri.

Mwanangu, mle ndani mlikuwa na barua za Hamisi za miezi mitano. Sikujiuliza kwa nini mwenye nyumba aniombe mimi ufunguo wa nyumba yake. Niliona tu zile siku mbili. Nikawajibu kila walichouliza, nikawashukuru kwa kunijali, na chini nikaandika wasalaam. Nilimwandikia mwizi wasalaam! Kisha nikapanda feri kurudi nikijiona mwanamke wa kisasa.

Nilipokwenda tena, mashine ilikataa kunifungulia. Nikadhani nimekosea herufi. Mara ya pili ikakataa, na mara ya tatu nikaelewa. Ningekwambia jioni ile ile tungekuwa na nafasi ya kufanya jambo. Lakini niliona haya, Rehema. Nilikumbuka ulivyonionya. Wewe ukiniuliza, "Mjomba hajambo?" nami nikijibu, "Hajambo, anakusalimu." Hivyo ndivyo nilivyokutumia salamu za uongo karibu wiki tatu, huku mtu nisiyemjua amekaa kwenye kiti changu.

Kisha barua ya posta ikaja.

Nilitoka nayo shuleni saa saba mchana bila kuifungua, kwa kuwa barua za Hamisi ni za nyanya na msomaji wake ni wewe. Nyanya alikuwa uani akisuka ukili. Ukaketi karibu naye, ukaifungua, ukaanza kusoma kwa sauti yako ile ya taarifa ya habari. "Dada yangu, barua hii msomee mama huku umemshika mkono. Mama, kama wanisikia, naomba radhi yako. Nisamehe kwa miaka niliyokaa mbali nawe. Usinitangulie kabla sijafika..."

Hapo ukaacha kusoma kwa sauti. Nyanya aliacha ukili, akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona Hamisi yuwaniaga?" akauliza. "Kwani afaye ni yeye au ni mimi?"

Ulisoma yaliyobaki kimoyomoyo, midomo ikikuchezacheza, kisha ukanitolea mambo matatu bila kunitazama kwa lawama. Mjomba ameambiwa nyanya amelazwa na atapasuliwa, na amekwisha kutuma pesa mara mbili kwa mtu aliyetajiwa kuwa mhudumu wa hospitali. Ameambiwa kuna matapeli wanaopiga simu wakijidai ni jamaa zake, kwa hivyo asipokee simu kutoka kwetu. Na mwisho wa mwezi, akipewa ruhusa asipewe, anaacha kazi aje amzike mamake ikibidi.

Zilikuwa zimebaki siku nne mwezi uishe.

Ukaniita chumbani. "Mama, kuna mtu alikuomba neno lako la siri?"

"Ndiyo."

"Ukampa?"

"Nikampa."

Nilisubiri uniulize kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nina majibu. Wewe ukauliza, "Lini?" Nilipokwambia ukahesabu siku kwa vidole, ukasema, "Basi amezisoma zote," na ukaenda kutafuta viatu vya nyanya. Hata leo nikikumbuka swali lile natamani ningalikuwa na akili kama hiyo nilipokuwa na umri wako. Mimi nilikuwa nikiishughulikia aibu yangu, wewe ulikuwa ukimshughulikia Hamisi.

Na kweli alikuwa amezisoma zote. Miguu ya nyanya iliyovimba mwezi wa mfungo, presha yake, namna ninavyomwita Hamisi "mdogo wangu wa ubavuni", vyote nilivyomwandikia ndugu yangu kwa mapenzi, mtu yule alivigeuza kamba ya kumfungia. Mpaka leo hatukumjua. Huenda alikuwa mbali, huenda alikaa mashine ya pili yangu.

Kesho yake tulivuka na nyanya. Alikuwa hajavuka muda mrefu, na ile miteremko ya kivukoni ilimtesa. Ulimshika kiunoni hatua kwa hatua, ukimwambia tuna haraka lakini si haraka ya kumwangusha. Mimi nilifuata nyuma nikibeba viatu vyake. Posta tulijaza fomu ya simu ya Muscat, namba ya gereji ikiwa nyuma ya bahasha, tukangoja kwenye benchi mpaka bibi wa simu alipoita, "Muscat, kibanda cha pili!"

Tuliingia sote watatu mahali pa mtu mmoja. Ukashika simu. Nilisikia sauti ya Hamisi, ndogo, kama iko ndani ya kopo.

"Nani?"

"Ni Rehema, mjomba. Shikamoo."

"Dada kaniambia mtapiga. Nyinyi watu hamna imani? Mtu ana mgonjwa!"

"Mjomba, usikate. Usiniamini, lakini usikate. Niulize jambo lisilopata kuandikwa popote. Wala si mimi, muulize nyanya. Yuko hapa."

Sijui ulilitoa wapi wazo lile. Mimi ningelia tu, ningemwapia wallahi mara kumi, na mwizi naye anaweza kuapa. Wewe ulimpa njia ya kutupima. Hamisi akasema, "Muulize, siku niliyoondoka, nililia wapi?"

Ukamgeuzia nyanya simu. Aliishika juu chini, ukamgeuzia vizuri.

"Hamisi," akasema, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya kiwanja. "Ulilia msalani. Ukamwaga maji ya ndoo tusikusikie, ndoo nzima. Nami nilikuwapo nje nimekushikia taulo, nikanyamaza, nikakuacha ulie."

Nilidhani laini imekatika.

"Hamisi!"

"Labeka, mama."

Nyanya akaanza kumgombeza papo hapo kwa kutaka kuacha kazi, na Hamisi akawa analia na kucheka, na wewe ukauegemeza uso kwenye kioo cha kibanda. Nilikutazama, nikajisemea, huyu nimemzaa mimi?

Ningependa hadithi iishie hapo. Wewe unajua haikuishia hapo.

Nyanya alipomaliza nilipewa simu mimi. Hamisi akaniuliza, "Dada, lakini nani alimpa huyo mtu neno la siri?"

Ulikuwa umesimama karibu yangu hata bega lako linanigusa. Nikasema, "Mambo haya ya kompyuta mimi siyajui, Hamisi. Rehema ndiye aliyenifungulia."

Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Nilihisi bega lako likitulia. Hukunisukuma, hukusogea. Ulinitazama mara moja, kisha ukamwinamia nyanya kumvisha viatu.

Kutoka siku ile lawama ilikuwa juu yako. Hamisi alikuandikia ile barua kali kuhusu vijana wanaochezea vitu wasivyovijua, akaacha kukusalimu. Shangazi yako alisema mbele ya wageni kwamba kompyuta imekutia kichwa kikubwa. Hata nyanya alikwambia ungemwacha mamako na barua zake za posta. Ulimjibu Hamisi kwa mistari miwili, niliiona: "Samahani mjomba kwa yaliyokupata. Tutakuwa waangalifu." Tutakuwa, ulisema. Ulinitia ndani ya neno lako ukanifunika.

Nami nilinyamaza. Miezi minane, Rehema. Nilikuwa nikijiambia kwamba wewe ni mtoto, watu husahau makosa ya watoto, lakini karani wa mitihani akisikika ametoa siri yake kwa mtu wa kupita, nani atamwamini tena na bahasha? Kwa hivyo nilinunua jina langu kwa jina lako.

Na wewe, katika miezi hiyo hiyo, ulinifundisha. Uliwaandikia wenye ile barua pepe mpaka wakaifunga. Ulinifungulia nyingine. Uliniketisha saiba ukaniambia neno la siri lisiwe jina la mtu wala siku ya kuzaliwa wala kitu chochote ambacho jirani akifikiri kidogo atakipata. Nichukue vitu viwili visivyohusiana, nivibane na tarakimu katikati, nivikariri kama namba ya sanduku la posta. Hakuna msimamizi wa kweli atakayeniomba, na anayenitia haraka ndiye wa kumkatalia. Kisha ukasimama, ukanipa mgongo, ukatazama barabarani kupitia dirisha la duka.

"Andika, mama."

"Hutazami? Nikisahau?"

"Ukisahau tutafungua nyingine. Hata mimi sistahili kulijua."

Watu walikuwa wanapita nyuma yetu, mwenye duka anatutazama, nami nikichapa kwa kidole kimoja kama mtoto wa chekechea, mimi ninayechapa bila kutazama mashine. Ulikuwa unajua nimekusingizia na bado ulinipa mgongo wako kwa heshima ile. Sijaona mtu mzima akifanya vile.

Sasa nikwambie nililofanya, usije ukalisikia kwa wengine.

Juzi Alhamisi niliomba ruhusa shuleni nikavuka peke yangu hadi posta. Nikangoja kwenye benchi saa nzima. Hamisi alipokuja kwenye simu nikamwambia kabla hajamaliza kunisalimu: "Ni mimi niliyetoa lile neno. Walinitisha kwa barua nikawapa. Rehema alinionya siku ya kwanza nikamkatalia. Na ulipouliza, nilikuacha uamini ni yeye."

Pesa ya simu ilikuwa inakwenda.

"Dada," akasema mwishowe, "mimi nimemnyima mtoto salamu miezi yote hii minane."

"Najua."

"Na alijua ni wewe?"

"Alijua tangu siku ya barua."

"Akanyamaza?"

"Akanyamaza."

"Nipe nizungumze naye."

"Hayupo. Hajui kama nimekuja."

Akasema basi nimpe anwani yako ya barua pepe, ile mpya, akuandikie siku hiyo hiyo. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, kwa mwandiko wako. Nikamwambia simpi. Alikasirika kidogo, akasema yeye ni mjombako, damu yako. Nikamwambia ni kweli, lakini mlango huo ni wa Rehema, na mimi nimekwisha kufungua mlango mmoja bila idhini. Anwani ya Hamisi mwenyewe Rehema anayo kichwani. Akitaka, yeye ndiye atakayeanza.

Nilipofika nyumbani nilimweleza nyanya pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Basi wewe wakati huu wote umenifanya nimgombeze mjukuu wangu bure," na hakula chakula changu cha jioni. Ijumaa nilimwendea shangazi yako nikamweleza mbele ya wale wale wageni, kadiri nilivyowakumbuka. Na Jumatatu nitamweleza mwalimu mkuu. Inshallah ataniachia mitihani. Asiponiachia, ni haki yake.

Huko uendako watakuja watu wenye maneno mazuri kuliko wale walionijia mimi. Una akili zaidi yangu, lakini kuna siku utachoka, au utakuwa na hofu, na utafungua. Hata wewe. Ikitokea, usinifanyie nilivyokufanyia, usikae nalo ndani kwa haya. Mwizi alichukua pesa za Hamisi kwa neno langu la siri, lakini zile wiki tatu nilimpa kwa kunyamaza kwangu. Nipigie simu shuleni. Mwambie atakayepokea akuitie karani, aseme ni haraka, nami nitakimbia.

Sikuombi radhi kwenye karatasi. Kesho asubuhi, kabla hujapanda basi, nitakuomba mbele ya nyanya, kwa mdomo wangu, na safari hii sitauliza habari za pasi wala za kitu kingine. Unaweza kunijibu au usinijibu.

Kuhusu mjombako, kaa kwanza, soma, zoea mji. Ukitaka kumwandikia, mwandikie. Usipotaka mwezi huu, au mwaka huu, hakuna atakayekulazimisha hapa nyumbani. Nimemwambia hivyo, akasema atakuwa akiangalia kila Alhamisi karani wa gereji akimwachia mashine.

Mwenye kujivunia kuitwa mama yako,
Mwanasiti